Tolpuddle: kijiji kidogo kilichoitoa jasho serikali ya Uingereza

Wadau, tukisikia Uingereza wengi wetu tunawaza London, Big Ben na Ligi Kuu basi. Leo twende shamba. Kuna kijiji kinaitwa Tolpuddle, kipo Dorset, kusini magharibi mwa nchi, kama kilomita 11 hivi kutoka mji wa Dorchester. Ni kijiji cha watu mia chache tu, kina mto mdogo uitwao Piddle, kanisa la zamani la mawe na nyumba kadhaa zilizoezekwa kwa nyasi. Ukipita na gari unaweza usijue kama umekipita. Lakini kila mwezi Julai maelfu ya watu hufurika pale. Kisa? Mshahara.

Ilikuwaje

Miaka ya 1830 maisha ya kibarua wa shamba Uingereza yalikuwa magumu kweli. Ardhi ilikuwa mikononi mwa wachache, na wengi waliobaki walikuwa wa kuuza nguvu zao. Tolpuddle kibarua alilipwa shilingi 9 kwa wiki. Zikashushwa zikawa 8, halafu 7, na tetesi zikaja kwamba zitafika 6. Hapo una mke na watoto, na bado kuna kodi ya nyumba!

Jamaa mmoja, George Loveless, kibarua na mhubiri wa Kimethodisti, akaona haiwezekani. Oktoba 1833 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha vibarua. Walikuwa wakikutana chini ya mti mkubwa pale kijijini, na nyumbani kwa Thomas Standfield. Anayejiunga alifungwa kitambaa machoni, akaonyeshwa picha ya mifupa ya binadamu, kisha anaapa kutotoa siri.

Kiapo ndicho kilichowaponza

Hapa ndipo penye utamu na uchungu wa hadithi. Vyama vya wafanyakazi havikuwa kosa, kwa sababu sheria ya kuvikataza ilifutwa mwaka 1824. Sasa wenye ardhi wangewakamata kwa lipi? Hakimu wa eneo lile, James Frampton, naye mwenye ardhi, akamwandikia Lord Melbourne, waziri wa mambo ya ndani. Ikachimbuliwa sheria ya 1797 ya viapo haramu, iliyotungwa baada ya mabaharia wa jeshi kuasi. Yaani sheria ya maasi ya melini ikawaangukia watu wa jembe!

Tarehe 24 Februari 1834 wakakamatwa sita: George na mdogo wake James Loveless, shemeji yao Thomas Standfield, mpwa wao John Standfield, James Hammett na James Brine. Hawa watatu wa mwisho walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, rika la wengi wetu hapa. Mwezi Machi wakahukumiwa miaka 7 uhamishoni Australia, adhabu ya juu kabisa kwa kosa lile. Wakasafirishwa kwa meli za wafungwa. George alipelekwa kisiwa ambacho leo kinaitwa Tasmania.

Wananchi wakachachamaa

Walidhani kijiji kitanyamaza, kumbe wamewasha moto. Aprili 1834 makumi ya maelfu ya watu waliandamana London kwa amani kabisa, wamebeba ombi lenye sahihi nyingi. Melbourne akakataa kulipokea siku ile. Watu hawakuchoka, na Machi 1836 serikali ikasalimu amri, ikatoa msamaha kwa wote sita. Ila kurudi kulichukua muda: George alifika 1837, wengine wanne 1838, na Hammett 1839.

Lakini wadau, ushindi haukuwapa ardhi. Watano wakaondoka tena na familia zao, wakahamia Kanada na kuanza upya. Ni Hammett peke yake aliyebaki Tolpuddle. Mwaka 1891 alifia katika nyumba ya maskini mjini Dorchester. Shujaa mzima!

Kijiji leo

Ule mti bado upo. Waingereza wanauita sycamore, ila si mkuyu huu tunaoujua sisi. Una zaidi ya miaka 300. Mwaka 1934, kutimiza miaka 100, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Uingereza lilijenga nyumba sita kwa ajili ya vibarua wastaafu, kila moja ikapewa jina la mmoja wa wale sita. Kuna makumbusho pia, na kaburi la Hammett lipo uwanja wa kanisa. Sherehe za Julai huwa na maandamano, muziki, hotuba na mabango ya vyama.

Kwa hiyo ukiona watu wamekaa kivulini wanajadili mshahara, usiwacheke. Sita tu walitosha kumkosesha waziri usingizi. Je, kazini kwako mngethubutu? Semeni wadau.