Karasha la Picha: Kutoka Lori la Sinema hadi Seva ya Kakola

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na wenzake walianza kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Mradi wao, Bantu Educational Kinema Experiment, ulidumu hadi 1937. Mawaidha yake ya kikoloni tuyaache yalale. Kinachonivutia ni mitambo. Sauti haikuwa kwenye mkanda wa picha, bali kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba nao. Hivyo picha ileile iliweza kusema Kiswahili Tanganyika na lugha nyingine kwingine, na vyote vilisafiri kwa lori lililobeba pia umeme wake.

Naanza hadithi ya seva ya nyumbani kwa lori hilo kwa sababu maswali yake mawili hayajazeeka: umeme unatoka wapi, na mtazamaji ana chombo gani cha kupokelea? Kijana wa Kakola, mji uliokua nje ya uzio wa mgodi wa Bulyanhulu, akikuuliza anunue mashine gani ya kukonvati video na kucheza gemu, usimjibu kwa jina la prosesa kabla hajayajibu hayo mawili.

Kompyuta yenyewe iliingia nchini kwa mguu mbaya. Ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 kwa ajili ya hesabu za serikali, na hesabu zikavurugika. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, televisheni zikiwemo. Zanzibar tayari ilikuwa na televisheni ya rangi; Bara ilikaa gizani hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo.

Giza hilo ndilo lililozaa kibanda cha video. Deki na televisheni ya chogo viliingia nchini kabla ya kituo chochote cha Bara, na katika ukanda wa dhahabu vilifuata rashi. Palipopatikana duara jipya la kuchimba, palifika mama lishe, muuza maturubai, na mtu mwenye jenereta na kanda za VHS. Wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliondolewa Agosti 1996 ili kupisha mgodi mkubwa. Wenye riziki ya kuhama walihama nayo, kwa kuwa jenereta na deki ni mizigo inayobebeka. Mgodi ulipozinduliwa 2001, ulivutiwa umeme wa gridi kutoka Shinyanga. Ila nyaya kupita juu ya paa si sawa na taa kuwaka chini yake. Wakala wa Nishati Vijijini wenyewe ulianza kazi 2007, na mpaka hapo burudani ya vijiji vingi ilipimwa kwa lita za petroli.

Ndani ya vibanda hivyo lile wazo la Notcutt lilirudi, safari hii mikononi mwa wenyeji. Derek Mukandala, aliyejulikana kote kama Lufufu, alisimulia filamu za Hong Kong, India na Marekani kwa Kiswahili, akaongeza utani na kuwapa mashujaa majina yake mwenyewe. Mwanzoni msimuliaji alikaa ukumbini na maikrofoni. Baadaye sauti yake ilirekodiwa juu ya filamu na kuuzwa. Wapo wanaouita huo uharibifu wa filamu. Mimi naona alikuwa akiigeuza kazi iingie kwenye chombo cha mwisho kabisa, yaani sikio la mtu asiyejua Kiingereza.

Kisha ikaja VCD, teknolojia ya 1993 ambayo Ulaya na Marekani hazikuijali na sisi tukaishi nayo miaka. Sahani moja ilibeba dakika 74 tu, kwa kilobiti 1,150 za picha kila sekunde. Filamu ndefu ililazimika kukatwa vipande viwili. Biashara ya filamu za Kibongo iliizoea hali hiyo hadi ikaifanya mtaji: Sehemu ya Kwanza unanunua leo, ya Pili unasubiri. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga aliyefariki Aprili 2012, aling'aa katika enzi hiyo ya sahani.

Gemu nayo ilikuwa na mashine yake isiyokubali kufa. PlayStation 2 ilitoka 2000, Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na bado mwaka huohuo gemu ya mpira ya PES 2014 ilitolewa kwa ajili yake. Kwenye vibanda vya gemu hakuna aliyeshangaa. Ilikula umeme kidogo, ilikubali chogo, na fundi aliijua hadi skrubu ya mwisho.

Neno kukonvati lilizoeleka pamoja na simu za Kichina. Ulipeleka memori kadi, ukarudi na nyimbo za 3GP zenye upana wa nukta 176 na urefu wa 144, sura ya msanii ikiwa kama tope. Anayejua machimbo ataelewa kazi hii upesi: ni karasha. Mwamba unaingia mkubwa, unatoka unga, na kila kusaga kuna kinachopotea. Tofauti ni kwamba marudio ya dhahabu huuzwa na kuchenjuliwa tena, lakini kilichopotea kwenye video hakirudi. Ndiyo maana nashauri faili la asili litunzwe, likonvatiwe pale tu chombo cha mtazamaji kinapolikataa.

Hapo ndipo historia ya mitambo inapomgusa yule kijana. Zamani prosesa ilisaga kila picha kwa nguvu zake yenyewe, feni ikilia usiku kucha. Mwaka 2011 Intel waliingiza Quick Sync, sehemu ya pekee ndani ya chipu isiyofanya kazi nyingine ila video. NVIDIA wakafuata na NVENC mwaka 2012. Kwa kuwa NVENC imejitenga na sehemu inayochora gemu, kadi moja yaweza kuchezesha mpira na kukonvati filamu ya jirani bila mchezo kukwama sana. Muundo wa H.264 ulitoka 2003, H.265 ukaja 2013 na kupunguza ukubwa wa faili karibu nusu, na AV1 ikafuata 2018.

Kwa mfuko wa Kakola, chaguo langu ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye Intel ya kizazi cha saba. Windows 11 inaikataa, na kwa sababu hiyo bei yake imeshuka. Lakini Linux haina neno nayo, na Quick Sync yake inaimudu H.265 hata ya biti 10. Ukiweka Jellyfin, programu ya bure iliyoanza 2018, nyumba nzima inatazama kupitia ruta bila kugusa bando.

Gemu ndiyo inayoleta ugomvi. Niliwahi kununua kadi ya grafiki kwa furaha, nikafika nyumbani nikakuta inadai waya wa ziada wa umeme ambao boksi langu la ofisi halina. Muuzaji hakunidanganya, sikuuliza. Nafuu ingekuwa kadi kama GTX 1650 ya 2019, ambayo matoleo yake mengi hutosheka na wati 75 zinazopita kwenye ubao mama.

Sasa turudi kwenye swali la umeme, yaani mita ya LUKU. Mteja wa matumizi madogo, daraja la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi; za ziada ni shilingi 350 kila moja. Mashine ya gemu inayokula wati 70 hata ikiwa imekaa bure, ikiachwa usiku na mchana kwa siku 30, inamaliza uniti 50. Hiyo ni theluthi mbili ya fungu zima kabla pasi haijapata moto. Boksi dogo la Intel N100, chipu iliyotoka 2023, likikaa kwenye wati 10 linakula uniti 7 na kidogo. Kwa hiyo, mfuko ukiruhusu mashine mbili, mimi ningetenganisha: boksi dogo liwake daima kwa ajili ya video, mashine ya gemu iwashwe wachezaji wakifika. Lile dogo liwekwe juu, mbali na sakafu, kwa sababu vumbi la kiangazi huziba feni.

Kijana atauliza kuhusu AV1. N100 inaisoma, haiwezi kuiandika. Kadi za Intel Arc za 2022 zinaweza. Kabla hajatoa hela, aende sebuleni akaangalie televisheni ya mama yake. Kama ni chogo lililounganishwa na king'amuzi chenye tundu la fleshi, H.264 inamtosha, na fedha iliyobaki inunue stebilaiza.