Subira Yavuta Heri: Wachezaji wa Kriketi wa Afrika ya Mashariki Waliopunjwa Sifa

Wahenga wamenena ya kwamba mwenda pole hajikwai. Neno hili lawafaa sana watu wa namna moja katika mchezo wa kriketi, nao ni warushaji wa mpira wa polepole. Watazamaji humshangilia mpigaji apelekaye mpira nje ya uwanja kwa pigo moja, na humwogopa mrushaji ajaye kwa mbio kama farasi. Ama yule auzungushaye mpira kwa vidole vyake na kuurusha kwa utulivu, kazi yake haitambuliwi ila na wajuzi.

Yafaa ifahamike kwanza hesabu ya mchezo wenyewe. Mrushaji hurusha mipira sita, na hiyo ndiyo duru moja. Mpigaji akiupiga mpira hukimbia kujipatia mikimbio. Duru ikipita bila ya mkimbio hata mmoja, huitwa duru kavu, na hiyo ni sifa kubwa kwa mrushaji.

Mwezi wa Juni mwaka 1975, mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia la wanaume yalichezwa Uingereza, na miongoni mwa timu nane palikuwapo timu ya Afrika ya Mashariki. Wachezaji wake walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Kiongozi wao alikuwa Harilal Shah. Walikuwamo Waislamu kama Frasat Ali na Zulfiqar Ali, na kutoka Uganda walikuwamo Samuel Walusimbi na John Nagenda, ambaye pia alikuwa mwandishi, akafariki mwaka 2023. Ikumbukwe ya kuwa ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu Wahindi walipofukuzwa Uganda mwaka 1972. Hata hivyo Mwafrika, Mhindi na Mzungu, wenye dini mbalimbali, walivaa nguo moja na kulinda lango moja.

Timu hiyo ilishindwa michezo yake yote mitatu, na kwa sababu hiyo majina ya watu wake yamesahauliwa. Lakini kushindwa kwa kundi si dalili ya kwamba hapakuwa na mtu. Walipopambana na New Zealand, Frasat Ali alipata mikimbio 45, wala hakuna mwenzake aliyeifikia hesabu hiyo katika michezo yote mitatu. Walipopambana na Uingereza, Zulfiqar Ali aliwatoa wapigaji watatu.

Somo kubwa walilipata kwa Bishan Bedi wa India, mrushaji wa polepole wa mkono wa kushoto. Tarehe 11 Juni, katika mji wa Leeds, aliwarushia duru 12, na nane katika hizo zilikuwa kavu. Alitoa mikimbio 6 tu. Wapigaji walimwona dhahiri, mpira wake haukuwa na kasi, na bado hawakumweza.

Ikapita miaka 28. Tarehe 15 Machi 2003, katika mji wa Durban, Kenya ilikutana na Australia, mabingwa wa dunia. Kenya ilikuwa imepata mikimbio 174, nao Waaustralia wakaanza kuifuata hesabu hiyo kwa haraka kubwa. Ndipo alipopewa mpira Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, Mwislamu, mwenye umri wa miaka 39. Alikuwa ameiongoza Kenya mwaka 1999, kisha akaacha kucheza na kushughulika na kazi yake ya bima, hata alipoitwa tena. Kama Bedi, naye alikuwa mrushaji wa polepole wa mkono wa kushoto. Alimtoa Ricky Ponting, kiongozi wa Australia, kisha Darren Lehmann, kisha Brad Hogg. Katika duru nane na mipira miwili, sita zilikuwa kavu, na mikimbio aliyotoa ni 7 tu. Australia ilishinda kwa kupoteza wapigaji watano, lakini zawadi ya mchezaji bora wa siku hiyo alipewa Karim, aliye upande ulioshindwa. Waamuzi walipima kazi ya mtu, hawakupima matokeo peke yake.

Uganda nayo imepata fungu lake. Tarehe 5 Juni 2024, huko Guyana, Frank Nsubuga, mrushaji wa polepole mwenye umri wa miaka 43, aliirushia Papua New Guinea duru nne, mbili zikiwa kavu. Alitoa mikimbio 4 na kuwatoa wapigaji wawili. Siku hiyo Uganda ilipata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia la duru ishirini. Yaliyokosekana mwaka 1975 yakapatikana baada ya miaka 49.

Basi vijana wasidhani ya kwamba sifa ni ya mwenye nguvu tu, wala wazee wasiseme ya kwamba aliyeshindwa hakufanya kitu. Dini yetu imeisifu subira na imeamrisha uadilifu katika kupima, na kupima huko si kwa nafaka na dhahabu tu, bali hata kwa amali za watu. Watoto wafundishwe majina haya madrasani na shuleni, wapate kujua kwamba waliowatangulia walisimama mbele ya wakubwa wa dunia bila ya kutetemeka. Mwenyezi Mungu awalipe kheri waliotangulia, na awajaalie subira wanaofuata. Amin.