Viroboto na kupe: Njia nafuu na salama za kuwakinga mbwa na paka nyumbani

FAMILIA nyingi zinazofuga mbwa wa kulinda boma au paka wa kuwinda panya hukumbuka viroboto na kupe pale tu mnyama anapoanza kujikuna usiku kucha, au watoto wanapoamka na vipele miguuni. Hapo ndipo mtu hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe, au huchukua mafuta taa jikoni na kumpaka mnyama.

Njia hizo huonekana nafuu kwa mfuko, lakini ni hatari kwa maisha ya mbwa na hata zaidi ya paka, na huwaweka watoto wa nyumba hiyo karibu na sumu kali. Isitoshe, aghalabu hazimalizi tatizo, kwa sababu wadudu wenyewe hawaishi kwenye manyoya ya mnyama pekee.

Anayefahamu mahali wadudu hawa wanapozaliana anaweza kuwapunguza sana kwa ufagio, maji ya moto, sabuni na jua, kisha akatumia fedha chache alizo nazo kununua dawa moja inayomfaa mnyama wake.

Wanakozaliana

Kiroboto anayepatikana zaidi kwa mbwa na paka ni yule ambaye wataalamu humwita Ctenocephalides felis, yaani kiroboto wa paka. Licha ya jina hilo, huyu ndiye aghalabu anayewasumbua mbwa pia.

Jike akishanyonya damu huanza kutaga baada ya siku moja au mbili, na anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayagandi kwenye manyoya. Hudondoka popote mnyama anapolala au kupita: kwenye matandiko, zulia, nyufa za sakafu na chini ya viti.

Baada ya siku chache, mayai huanguliwa na kuwa mabuu wadogo wanaokimbilia gizani na kula vumbi lenye mabaki ya damu iliyokauka. Buu akikomaa hujifunga ndani ya kifuko na kuwa pupa, na kutoka humo huibuka kiroboto mzima. Mahali penye joto na unyevu, safari hiyo yote huchukua takriban wiki tatu hadi nne.

Hata hivyo, pupa anaweza kutulia ndani ya kifuko chake kwa miezi kadhaa, akisubiri joto, mtikisiko au pumzi ya kiumbe kilicho karibu. Ndiyo maana mpangaji anayehamia nyumba iliyokaa bila mtu huweza kuvamiwa na viroboto siku ya kwanza, hata kama hajawahi kufuga mnyama.

Wataalamu hukadiria kwamba viroboto wazima walio mwilini mwa mnyama ni takriban asilimia 5 tu ya wote waliomo nyumbani. Asilimia 95 iliyobaki ni mayai, mabuu na pupa waliotapakaa sakafuni. Anayemwogesha mbwa na kuliacha gunia analolalia anapigana na sehemu ndogo sana ya adui wake.

Kupe naye ni wa jamii ya buibui, na akiwa mzima huwa na miguu minane. Anayeshambulia mbwa zaidi ni kupe wa kahawia, Rhipicephalus sanguineus. Tofauti na kupe wengi wanaotegemea nyasi, huyu anaweza kuishi na kuzaliana ndani ya nyumba.

Akishashiba damu, jike hujiangusha, hupanda ukutani na kutafuta ufa wa kutagia maelfu ya mayai. Kupe mzima anaweza kukaa miezi mingi bila chakula. Kwa hivyo, kumwondoa mbwa nyumbani kwa wiki chache hakumalizi kupe.

Madhara kwa mnyama na binadamu

Viroboto wengi wanaweza kumnyonya mwanambwa au mtoto wa paka damu hadi afe. Kadhalika, hueneza minyoo aina ya tegu. Mnyama humeza kiroboto anapojilamba, kisha vipande vyeupe mithili ya punje za mchele huonekana karibu na mkia wake. Mtoto mdogo anayetambaa naye anaweza kumeza kiroboto na kuambukizwa.

Kupe wa kahawia hueneza ugonjwa uitwao ehlikia, unaomletea mbwa homa, udhaifu, kukonda na wakati mwingine kutokwa damu puani. Ugonjwa mwingine wa kupe, babesia, huharibu chembe nyekundu za damu. Ufizi wa mbwa hupauka au kuwa wa manjano, na mkojo wake huwa mwekundu au wa kahawia. Mbwa mwenye dalili hizo anahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Binadamu naye hayuko salama. Homa ya kupe inayosababishwa na vijidudu vya rikketsia imejulikana nchini kwa miongo mingi, kiasi cha kupewa jina la Kenya katika vitabu vya tiba. Mgonjwa hupata homa, maumivu ya kichwa, upele, na mara nyingi kidonda chenye gaga jeusi pale alipoumwa. Anayepata dalili hizo anapaswa kumweleza daktari kwamba anaishi na mbwa mwenye kupe.

Funza, ambaye huingia vidoleni na kuwatesa watoto wengi vijijini, ni wa jamii ya viroboto pia. Kwa kuwa mbwa na nguruwe humbeba, usafi wa sakafu na wa mnyama husaidia dhidi yake vilevile.

Makosa yanayogharimu maisha

Kosa la kwanza ni kutumia dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Dawa nyingi za kuogeshea mifugo zina amitrazi au kemikali nyingine iliyokolea sana, na kipimo kilichoandikwa ni cha ng'ombe. Kijiko kimoja cha ziada katika beseni kinaweza kumlevya mbwa mdogo, kumshusha mapigo ya moyo na hata kumuua. Amitrazi haipaswi kutumiwa kwa paka kabisa.

Kosa la pili ni kumpaka paka dawa ya mbwa. Dawa nyingi za mbwa za kudondosha shingoni zina permetrini. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kemikali hiyo upesi, hivyo matone machache yenye nguvu yanaweza kumuua. Paka anaweza kudhurika hata kwa kumlamba mbwa aliyepakwa dawa hiyo muda mfupi uliopita. Wanyama hao watenganishwe hadi dawa ikauke kabisa.

Kosa la tatu ni mafuta taa, dizeli au oili chafu ya gari. Vitu hivi huchoma ngozi, na mnyama anapojilamba huingia tumboni na kuweza kufika kwenye mapafu.

Kosa la nne ni kumlisha mnyama kitunguu au kitunguu saumu kwa imani kwamba damu yake itawachukiza wadudu. Vyakula hivyo huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Mafuta makali ya mimea, kama ya mkaratusi, nayo ni sumu kwa paka.

Kosa la tano ni sindano ya ivamektini ya mifugo bila ushauri wa daktari. Baadhi ya mbwa wa jamii ya koli wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo, na kipimo cha mifugo ni kigumu kupunguzwa kwa usahihi kwa mnyama mdogo.

Aidha, dawa isihamishwe kutoka chombo chake na kutiwa katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha.

Kazi ianze sakafuni

Matandiko ya mnyama yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki na kuanikwa kwenye jua kali. Magunia na matambara yaliyochakaa yachomwe. Gharama yake ni ndogo, na hapo ndipo mayai mengi yalipo.

Nyumba ifagiwe kila siku, hasa pembeni, chini ya viti na vitanda. Takataka zichomwe au zifungwe ndani ya mfuko na kutupwa mbali. Zulia litolewe nje, likung'utwe na kuanikwa. Sakafu ya saruji ipigwe deki kwa maji ya moto yenye sabuni, na ya udongo ikandikwe upya ili nyufa zizibike.

Kibanda cha mbwa kiinuliwe kidogo kutoka ardhini, na nyufa za kuta zake zizibwe kwa saruji au udongo. Nyasi za uani zikatwe ziwe fupi. Kuku wasilale pamoja na mbwa, kwa kuwa kuna kiroboto wa kuku anayejishikiza usoni na masikioni mwa mbwa pia.

Wanyama wote wa nyumbani washughulikiwe siku moja, na kazi hii irudiwe kwa wiki kadhaa mfululizo. Viroboto wakionekana tena baada ya wiki mbili, haimaanishi kwamba jitihada zimeshindwa. Hao ni pupa wa zamani wanaotoka vifukoni.

Sabuni, kitana na kibano

Ili kuhakikisha kwamba mnyama ana viroboto, achanwe kwa kitana chenye meno yaliyokaribiana juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Vumbi jeusi likigeuka kuwa jekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, ambacho ni damu iliyomeng'enywa. Viroboto wanaonaswa na kitana watumbukizwe katika maji ya sabuni, nao watazama.

Mbwa aogeshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Povu lianzie shingoni kwa kuizunguka, ili viroboto wasikimbilie kichwani. Povu likae dakika tano hadi kumi kabla ya kusuuzwa. Paka asiyependa maji atatosheka na kitana kila siku.

Kupe aliyejishikiza anyofolewe kwa kibano. Ashikwe karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu bila kumzungusha. Asichomwe kwa kiberiti wala kupakwa mafuta, na asipasuliwe kwa vidole, kwa maana majimaji yake yanaweza kuwa na vijidudu. Atiwe katika spiriti, kisha mikono inawiwe.

Kuchagua dawa

Pareto, zao ambalo Kenya iliongoza duniani kulizalisha kwa miongo mingi kutoka maeneo kama Nakuru, Nyandarua na Kisii, hutoa kemikali ya piretrini inayoangusha wadudu upesi. Jua huivunja haraka, hivyo haikai muda mrefu kwenye manyoya. Sabuni au poda ya pareto inafaa iwapo kibandiko kimetaja aina ya mnyama husika. Isichanganywe na permetrini, ambayo ilitengenezwa viwandani kwa kuiga piretrini lakini ni hatari zaidi kwa paka.

Dawa ya kudondosha yenye fiproni hutumiwa kwa mbwa na paka, kila mmoja akiwa na pakiti yake, lakini ni sumu kwa sungura. Zipo pia tembe za kisasa zenye afoksolaneri au fluralaneri. Ya kwanza humkinga mbwa kwa takriban mwezi mmoja, na ya pili kwa takriban miezi mitatu. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe tembe hizo kabla ya daktari kushauriwa.

Kabla ya kusema kwamba dawa fulani ni ghali, mnunuzi agawanye bei yake kwa idadi ya wiki inazomkinga mnyama. Tembe ya miezi mitatu inaweza kuwa nafuu kuliko poda inayonunuliwa kila wiki.

Kibandiko kisomwe kwa makini: aina ya mnyama, uzito, umri, tarehe ya mwisho ya matumizi na nambari ya usajili. Pakiti ya mbwa mkubwa isigawanywe kwa wanyama wadogo, kwani dawa hujigawa visivyo sawa. Wanyama wenye mimba na wachanga waamuliwe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Siku za chanjo dhidi ya kichaa cha mbwa ni fursa nzuri ya kumuuliza mtaalamu.

Mnyama akipatwa na sumu

Dalili ni kutokwa mate, kuyumba, kutetemeka, usingizi usio wa kawaida au degedege. Mnyama aliyepakwa dawa isiyofaa aoshwe mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, akaushwe, afunikwe asipate baridi na kupelekwa kwa daktari pamoja na pakiti ya dawa. Asinyweshwe maziwa wala kulazimishwa kutapika. Anayemwosha avae glavu.

Baada ya hapo ni ratiba tu: kupapasa masikio, shingo na katikati ya vidole vya mnyama kila siku, kufua matandiko kila wiki, na kutumia dawa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kibandiko. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mfugaji wa mbwa, ufa huo ndimo kupe anamotagia.