Injini moja iliyozishinda nne: historia ya nguvu na kasi majini

Septemba 20, 1932, katika Mto St. Clair unaotenganisha Marekani na Kanada, Gar Wood alishika usukani wa boti yenye urefu wa karibu mita 12 iitwayo Miss America X. Ndani yake zilipangwa injini nne za Packard, kila moja ikiwa na silinda 12. Nguvu zake kwa pamoja zilikuwa za farasi 6,400. Siku hiyo boti ilikimbia kilomita 200.9 kwa saa, kasi ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ameifikia majini.

Miaka mitano baadaye, Septemba 1937, Mwingereza Malcolm Campbell aliivunja rekodi hiyo katika Ziwa Maggiore, linalogawanywa na Italia na Uswisi. Boti yake, Blue Bird K3, ilikuwa na injini moja tu, na nguvu zake hazikufika nusu ya zile za Wood.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Maji hayampishi mtu kwa nguvu peke yake, na ukweli huo uliwachukua mafundi hodari zaidi ya nusu karne kuuzoea. Baadhi yao waliulipia kwa roho zao.

Masalio ya vita

Kisa kinaanzia hewani. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, haikuwa na injini yake ya ndege ya kutegemewa. Wahandisi wawili, Jesse Vincent wa Packard na Elbert Hall wa Hall-Scott, walijifungia katika hoteli moja mjini Washington, na kwa siku chache tu wakachora injini ya Liberty: silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V, ujazo wa lita 27, nguvu za farasi 400. Zilitengenezwa zaidi ya 20,000. Vita vilipokwisha Novemba 1918, nyingi zilibaki bila ndege za kuzibeba.

Gar Wood alikuwa ametajirika kwa kubuni jeki ya haidroliki inayoinua bodi la lori ili kumwaga mzigo. Alizinunua Liberty kwa wingi, na alijua kwa nini alizitaka. Boti ya kasi hailimi maji kama meli ya mizigo. Ikishika mwendo huinuka na kuteleza juu yake, kama kijiwe bapa kilichorushwa na mtoto ufukweni. Ili iinuke, kila kilo ina hesabu yake. Injini ya meli husukuma miezi bila kuchoka, lakini ni nzito mno. Injini ya ndege imezaliwa kwa sharti moja kuu: itoe nguvu nyingi kwa uzito mdogo.

Hata hivyo, injini ya ndege ikishushwa botini huwa mgeni. Angani, upepo wa safari huisaidia kupoa. Majini lazima ipozwe kwa maji ya ziwa au mto. Angani huzungusha panga lililo mbele yake moja kwa moja. Botini nguvu hupitishwa kwenye gia na mtaimbo mrefu hadi kwenye rafadha chini ya tezi. Wood na fundi wake Orlin Johnson waliifanya kazi hiyo ya kuigeuza injini, na mwaka 1920 boti yao yenye Liberty mbili ilifikia kilomita 120 kwa saa. Mwaka huohuo walikwenda Uingereza na kurudi na Kombe la Harmsworth, tuzo ya mbio za boti za kimataifa.

Kuongeza au kupunguza

Jibu la Waingereza lilitoka kwa Rolls-Royce. Injini yao ya R, yenye ujazo wa lita 36.7, iliundwa ili ndege za majini za Uingereza zishinde Kombe la Schneider. Juni 13, 1930, Sir Henry Segrave alizipeleka R mbili katika Ziwa Windermere ndani ya boti Miss England II. Aliweka rekodi ya kilomita 158.9 kwa saa, kisha katika mbio iliyofuata boti ikapinduka. Segrave alifariki dunia siku hiyo, na pamoja naye akafa mhandisi wa Rolls-Royce, Victor Halliwell. Boti iliopolewa, ikakarabatiwa, na Kaye Don akaendeleza ushindani na Wood.

Wood alipozidiwa, aliongeza injini, hadi zikawa nne. Lakini injini ya ziada haiji na nguvu tupu. Huja na uzito, mafuta ya kuilisha na mwili mrefu wa kuibeba, na mwili ukirefuka, maji hupata pa kuukamata. Campbell alishika njia nyingine. Alichukua R moja na kuizungushia boti ya mita saba tu. Alipoona umbo la K3 limefika mwisho wake kwa kilomita 210 kwa saa, hakutafuta injini kubwa zaidi. Aliibakiza aina ileile na kubadili mwili: K4 iligusa maji kwa sehemu tatu tu, yaani vibawa viwili vya mbele, kushoto na kulia, na ncha ya tezi. Agosti 1939, katika Ziwa Coniston, ilifikia kilomita 228.

Vita vya pili navyo viliacha masalio yake. Mjini Seattle, Stanley Sayres na mbunifu Ted Jones walitumia Allison V-1710, injini iliyokuwa imerusha ndege za kivita za P-38, na nguvu zake zilikuwa pungufu ya zile za R. Walichogeuza ni rafadha. Rafadha iliyozama yote huburuta mtaimbo na vishikizo vyake majini. Katika Slo-mo-shun IV, nusu ya rafadha ilikuwa juu ya maji, na tezi la boti likabebwa na rafadha yenyewe. Juni 1950 boti hiyo ilipita kilomita 258 kwa saa.

Zama za jeti

Injini ya jeti iliiondoa rafadha kabisa, na wengi walidhani tatizo limekwisha. Malcolm Campbell aliifunga jeti ya Goblin kwenye K4 ileile mwaka 1947, boti ikakataa kutulia. Septemba 1952 John Cobb alifariki katika Ziwa Loch Ness, boti yake ya jeti ilipovunjika ikiwa kwenye kasi ya zaidi ya kilomita 320.

Mwana wa Malcolm, Donald, pamoja na ndugu wawili Ken na Lew Norris, walianza upya. Waliichagua jeti ya Beryl ya Metropolitan-Vickers, kisha wakachora boti ya K7 kuizunguka, wakipima uzito, upepo na maji kwa pamoja. Kati ya 1955 na 1964 K7 iliweka rekodi saba, ya mwisho ikiwa kilomita 444.7.

Kisha mwili huohuo ukapewa injini nyingine, Orpheus, nyepesi na yenye msukumo mkubwa zaidi. Januari 4, 1967, katika Ziwa Coniston, omo iliinuka, boti ikapaa na kupinduka. Donald Campbell hakutoka akiwa hai. Sababu za ajali hiyo zimejadiliwa kwa miaka mingi. Lililo wazi ni kwamba mizani iliyopimwa mwaka 1955 haikuwa tena ileile.

Fundi wa uani

Ken Warby wa Australia alikuwa amemhusudu Donald Campbell tangu utotoni. Alinunua kwa bei ya chini injini ya Westinghouse J34 iliyostaafishwa na jeshi, na uani kwake mjini Sydney akaanza kuunda boti ya mbao na faibaglasi. Alishauriana na Profesa Tom Fink, aliyewahi kushiriki hesabu za upepo za K7. Oktoba 8, 1978, katika Bwawa la Blowering, boti hiyo, Spirit of Australia, ilipita kwa wastani wa kilomita 511 kwa saa.

Msukumo wa J34 ulikuwa mdogo kuliko ule wa Orpheus. Hata hivyo, Warby alifariki mwaka 2023 rekodi yake ikiwa bado haijavunjwa. Boti yenyewe imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari ya Australia, mjini Sydney: injini ambayo jeshi halikuihitaji tena, ndani ya mbao zilizokatwa na mtu aliyejua itabeba nini.