Kishale Kinaporuka: Kuipima Kompyuta ya Mtoto katika Milima ya Usambara

Mtu mzima akikabidhiwa kwa mara ya kwanza kompyuta ya XO, ile ndogo ya kijani na nyeupe iliyobuniwa na shirika la One Laptop per Child la Nicholas Negroponte, aghalabu huhangaika kuifungua. Huvuta mfuniko, huigeuza, hutafuta kitufe. Kumbe yale masikio mawili ya pembeni, ambayo ni antena, ndiyo pia makomeo yake. Yasipoinuliwa, mfuniko haufunguki. Mtoto akianza kwa kuchezea masikio, kazi imekwisha. Jambo hili dogo linatosha kutilia shaka desturi ya kumkalisha mtaalamu mezani na orodha yake ya vigezo, kisha hukumu yake juu ya utumikaji wa kifaa ikachukuliwa kuwa ndiyo hukumu ya mtoto.

Kwa utumikaji nakusudia maana iliyomo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11: watumiaji fulani, wenye malengo fulani, katika mazingira fulani, wanayafikia malengo hayo kwa kiasi gani, kwa juhudi gani, na wanaridhika vipi. Kinachosahauliwa mara nyingi ni mazingira. Uzito wa kifaa haubadiliki. Ukikipima Boston au Bumbuli ni ule ule. Utumikaji sivyo. Huo huzaliwa kifaa kinapokutana na mkono wa mtu mahali fulani. Kwa hiyo nashikilia kwamba, kwa kompyuta za bei nafuu za watoto, kipimo chenye maana kuliko vyote ni kukwama: mtoto amekwama mara ngapi, na amejinasua vipi, kwa akili yake, kwa msaada wa jirani yake wa dawati, kwa mwalimu, au hakujinasua kabisa.

Mchukulie mtoto wa darasa la pili katika kijiji kilicho juu ya Mlalo, katika Milima ya Usambara, mwezi wa Aprili. Masika imekolea na ukungu umefika madirishani. Alfajiri alikuwa shambani na mama yake, kwenye viazi, na vidole vyake bado ni baridi na vina unyevu. Sasa XO ya kwanza ilikuwa na kasoro inayojulikana vyema: ile sehemu ya kugusa chini ya kibodi ilivurugwa na unyevu na uchafu wa vidole, kishale kikawa kinaruka huku na huko kwenye skrini. Dawa yake ilikuwa kubonyeza kwa pamoja vitufe vinne vya pembe za kibodi, kisha kuiacha mashine ijirekebishe. Mtoto gani atalikisia hilo? Mtaalamu aliyeketi kwenye kiyoyozi Dar es Salaam anaweza kuitumia mashine hiyo siku nzima kishale kisimruke hata mara moja, na ripoti yake ikawa safi. Mtoto wa Mlalo ataamini kwamba aliyekosea ni yeye. Hapo ndipo panaponiuma, maana mtoto aliyekwisha kujiona mjinga mbele ya mashine harudi kuigusa kwa moyo ule ule.

Wabunifu wa XO hawakuwa wazembe. Kibodi yao ilifunikwa mpira ili maji na vumbi visipenye, na skrini iliyobuniwa na Mary Lou Jepsen ilisomeka hata juani. Walikifikiria kijiji kwa dhati, ila kijiji walichokifikiria kilikuwa na jua na vumbi. Lushoto, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina ukungu.

Lugha nayo hukwamisha kimyakimya. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi iitwayo Jambo mwaka 2004, na tangu hapo hatuwezi kusema Kiswahili hakiko kwenye kompyuta. Lakini mtoto anayezungumza Kisambaa nyumbani akikuta neno "hifadhi" kwenye skrini, hifadhi anayoijua ni msitu wa Magamba, mahali asiporuhusiwa kukata kuni. Neno ni sahihi kabisa kikamusi, na bado linaweza kumsimamisha. Kwa upande huu XO iliwazidi wengi: programu yake ya Sugar iliweka kazi ya mtoto yenyewe katika shajara, bila kumdai aihifadhi. Tafsiri nzuri kuliko zote ni ile iliyoondoa haja ya neno.

Mkoa wa Tanga, ilimo milima hii, umewahi kuwa uwanja wa jaribio kubwa la vifaa vya watoto. Kati ya 2017 na 2019, shindano la programu za kujifunzia la Global Learning XPRIZE, kwa ushirikiano na serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule. Vilichajiwa kwa umeme wa jua chini ya uangalizi wa akina mama wa kijijini. Mei 2019 timu za Kitkit School na onebillion ziligawana dola milioni 10 za ushindi. Watoto walijifunza kusoma, na hilo si jambo la kubeza. Hata hivyo kifaa kilikuwa Pixel C ya Google, iliyoingia sokoni 2015 kwa dola 499. Hiyo si bei nafuu. Jaribio lilithibitisha ubora wa programu. Halikutuambia kioo cha bei ya chini kitafanya nini chini ya kidole chenye matope. Wala alama za mtihani peke yake hazitatuambia. Utafiti uliofanywa katika shule 319 za Peru na kutolewa 2012 haukuona XO ikiinua alama za hisabati wala lugha, lakini alama hizo haziwezi kueleza kama kilichoshindwa ni somo, ni ufundishaji, au ni kishale kilichoruka.

Kwa hiyo mtafiti akae nyuma ya mtoto, mikono mapajani, aandike kila kukwama. Asiridhike na saa ya kwanza, maana saa ya kwanza hupima ugeni wa kitu. Arudi wiki ya sita, betri ikiwa imeanza kuchoka na mvua ikiwa haijakatika. Wale akina mama wa kuchaji nao wapimwe kama watumiaji, kwani waya ukilegea ni wao wanaoulizwa.

Ningeombwa kuchagua pa kuanzia, ningeanza Irente, katika shule ya watoto wasioona, umbali mfupi kutoka Lushoto mjini. Mtoto aliyezoea nukta nundu ana vidole vinavyosoma. Mpe kishikwambi na atakuta ubao laini usiosema kitu mpaka sauti iongezwe. Mpe kibodi ya vitufe naye ataanza kuhesabu safu. Kumbukumbu za dakika kumi za vidole hivyo, zikiandikwa kwa uaminifu, ningezisoma kabla ya orodha yoyote ya vigezo.