Diski yenye majina mawili

Diski ilikuwa wazi juu ya kipande cha turubai, karibu na kituo cha treni cha Bukama, huku Katanga, katikati ya betri za simu na redio isiyo na mgongo. Kijana anayewanakilia watu nyimbo na filamu kwenye flashi alikuwa ameifungua kwa bisibisi yake ya simu. Ndani kulikuwa na sahani mbili zinazong'aa kama kioo, na mkono mwembamba wa chuma umezilalia kama sindano ya gramafoni. Diski haiponi ikishafunguliwa hivyo. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko punje ya vumbi, na vumbi la Bukama halina adabu.

"Papa, hii ilisha kufa," aliniambia.

Alikuwa ameinunua Lubumbashi, imetolewa kwenye kompyuta kuukuu kutoka Ulaya. Sebene, mahubiri, picha za harusi za watu, vyote vilikuwa humo. Nilipoigeuza ndipo nikaona kilichonifanya niandike makala hii. Lebo ilisema Samsung, kwa herufi kubwa. Lakini namba ya modeli ilianza na ST, na herufi hizo si za Samsung hata kidogo.

ST ni Shugart Technology, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1979 na Alan Shugart, Finis Conner na wenzao. Shugart alikuwa ameshaanzisha kampuni nyingine yenye jina lake, nayo ilikuwa mikononi mwa Xerox, kwa hiyo jina likawa na utata na kampuni mpya ikajiita Seagate. Herufi ST zilibaki kwenye bidhaa. Diski yao ya kwanza, ST-506 ya mwaka 1980, ilibeba megabaiti 5 kwa bei ya dola 1,500 hivi. Leo nyimbo mbili zingeijaza.

Kabla yao diski zilikuwa mali ya wakubwa. Ile ya kwanza kabisa, ya IBM, mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja pana kama sinia la pilau la harusini. Mashine nzima ilizidi uzito wa tani moja, na wengi walioitumia waliikodi kwa mwezi. Diski ilipopungua hadi kuingia kwenye kompyuta ya mezani, kila mwenye ujuzi na mkopo wa benki alifungua kiwanda. Ukihesabu wote waliowahi kutengeneza diski tangu mwanzo, wanapita 200. Clayton Christensen, profesa wa Harvard aliyetaka kujua kampuni nzuri zinakufaje, aliichagua biashara hii kwa sababu ileile inayowafanya wanasayansi wa urithi wapende nzi wa matunda: vizazi vinapita haraka, huhitaji kusubiri kaburi.

Makaburi mengine yanachekesha. MiniScribe, kampuni ya Colorado, ilipoona mauzo hayafiki ilikoahidi, ilipakia matofali kwenye maboksi ya diski na kuyahesabu kama bidhaa. Ni kweli, matofali ya kujengea. Mwaka 1990 ilifilisika, na Maxtor ikanunua mabaki.

Kuanzia hapo historia inatiririka upande mmoja, kama mto Lufira unavyoingia mto Lualaba huku kwetu, chini ya Bukama, na jina lake likaishia hapo. Conner, aliyejitenga na Shugart akafungua kampuni yake, aliirudisha Seagate mwaka 1996. Digital iliiuzia Quantum kitengo chake cha diski, Quantum nayo ikaiuzia Maxtor cha kwake mwaka 2001, na mwaka 2006 Seagate ikaimeza Maxtor, na MiniScribe tumboni mwake. IBM, mama wa wote, iliiuzia Hitachi kitengo chake kwa dola bilioni 2 na kidogo. Cha Fujitsu kilienda Toshiba mwaka 2009.

Mwaka 2011 ulikuja mlo wa mwisho. Machi, Western Digital ilitangaza kukinunua kitengo cha diski cha Hitachi. Aprili, Seagate ikatangaza kukinunua cha Samsung. Tume ya Ulaya, inayochunguza miungano kama hiyo, ilipokea faili la Seagate tarehe 19 Aprili na la Western Digital tarehe 20. Siku moja tu. Kwa kanuni yao, aliyefika kwanza anapimwa kana kwamba wa pili hayupo, kwa hiyo Seagate ilipita bila masharti, na Western Digital ikalazimishwa kuachia sehemu ya viwanda, ambayo ilichukuliwa na Toshiba. China ilikuwa kali zaidi: ilizitaka kampuni zilizonunuliwa ziendelee kuuza peke yao, na Western Digital haikuruhusiwa kujiunga kikamilifu na Hitachi hadi Oktoba 2015. Katika ununuzi ule wa Samsung ndipo diski ya kijana wetu ilipopata majina yake mawili.

Wamebaki watatu: Seagate, Western Digital, Toshiba.

Wanaotetea miungano hii wana hoja, nami siwezi kuipita. Mwaka 1980 megabaiti moja iligharimu dola 300. Mwaka 2011, kampuni zikiwa tano tu, gigabaiti nzima, yaani megabaiti elfu moja, ilikuwa imeshuka chini ya senti 10. Kutengeneza sahani zenye tabaka jembamba la aloi ya kobalti, madini yanayochimbwa kwa wingi Katanga kwetu, na vichwa vya kusoma alama zisizoonekana hata kwa darubini ya kawaida, kunataka mtaji usiopatikana kwa kampuni nyingi. Sawa. Lakini tazama kilichotokea Oktoba ya mwaka uleule.

Maji yalifunika viwanda vya Thailand. Western Digital iliyosafirisha diski karibu milioni 58 katika robo moja ya mwaka, robo iliyofuata ilisafirisha milioni 28.5. Nidec, inayotengeneza mota ndogo za karibu kila mtu, nayo ilizama. Bei ya diski nyingi ilipanda mara mbili ndani ya wiki chache, na ilichukua muda mrefu kushuka, hata maji yalipokwisha kukauka. Seagate, ambayo viwanda vyake havikufunikwa, mwaka wa hesabu uliotangulia ilikuwa na faida ya dola milioni 511. Uliofuata ilipata bilioni 2.86.

Na katikati ya majanga hayo, kimya kimya, dhamana ikakatwa. Mwanzoni mwa 2012 Western Digital ilishusha dhamana ya diski zake za kawaida kutoka miaka mitatu hadi miwili, na Seagate ikashusha baadhi hadi mwaka mmoja. Ukiwa na washindani kumi, mmoja wao atabaki na miaka mitatu ili akuchukulie wateja. Wakiwa watatu, hata kuzungumza hawahitaji. Nadhani hapa ndipo mnunuzi alipopigwa, si kwenye bei. Bei hupanda ikashuka, lakini mzigo wa diski kufa ulihamishwa kutoka kwa mtengenezaji kwenda kwa mwenye diski, ukabaki huko.

Mwaka 2020 iligundulika kwamba Western Digital ilikuwa inauza diski za kuhifadhia data za nyumbani na ofisini zinazoandika kwa mistari inayolaliana kama mabati ya paa, njia inayookoa nafasi lakini inayofanya kazi ya kuandika iwe ya kuvuta miguu, bila kuwaambia wanunuzi. Ilikiri baada ya kelele, ikalipa baada ya mashtaka.

Bukama haishangazwi na haya. Reli kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilifika hapa mwaka 1918, na mzigo ukashushwa kwenye meli za kampuni ya CFL zilizoteremka Lualaba. Mwaka 1928 kampuni ya reli ya BCK ilipeleka njia hadi Ilebo. Mwenye shehena alikuwa na angalau njia mbili za kubishana nazo bei. Mwaka 1974 zote zilimezwa na shirika moja la taifa, na tangu hapo msafiri hana wa kumlinganisha naye.

Mteja mkubwa wa wale watatu siku hizi ni maghala ya data ya akina Google na Amazon. Sisi tunapata kilichotumika huko, kikiwa kimeshapita mikono minne. Hata kaunta ya saa iliyomo ndani ya diski haiaminiki: mapema mwaka 2025, Ujerumani, wanunuzi walikuta diski za Seagate walizouziwa kama mpya na wauzaji wengine zimeshafanya kazi maelfu ya saa, na hesabu imefutwa.

Kwa hiyo ukienda Lubumbashi kununua diski, jina la kwenye lebo lisikusumbue. Soma namba ya modeli, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, usikilize kama inagonga, na afungue programu inayoonyesha saa ilizotumika, ingawa usiiamini peke yake. Akikataa, rudisha pesa mfukoni. Na picha za harusi usiziache mahali pamoja.