Paa Linavuja, na Sisi Tunatuma Pesa Mbali?



Jumapili iliyopita baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa letu alinishika mkono pale langoni. Akaniuliza bila kuzungusha: "Pasta, paa linavuja. Watoto wa shule ya Jumapili wanakaa chini ya turubai. Kwa nini nusu ya mfuko wa huruma inaenda kwa wakimbizi wa Sudan Kusini, watu ambao hatutawaona?"

Mzee huyu si mchoyo. Mabati ya kwanza ya kanisa hili aliyanunua yeye. Najua pia wengi wenu mna swali hilo hilo moyoni, na mwisho wa mwezi huu mkutano wa washirika utaamua kama mfuko uendelee kugawa sadaka hivi, nusu kwa wajane na yatima wa mtaani na nusu nje ya mpaka. Kabla hatujapiga kura, nawaomba turudi nyuma kidogo tuone waliotutangulia walifanyaje.

Tuanze na Matendo 11. Nabii Agabo alitangaza kwamba njaa inakuja, nayo ikaja siku za Kaisari Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia wakakata shauri, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wawapelekee msaada ndugu wa Uyahudi. Kutoka Antiokia hadi Yerusalemu ni karibu kama kutoka Nairobi hadi Mombasa, na wakati ule hapakuwa na basi wala kutuma pesa kwa simu. Pesa ilienda mikononi mwa Barnaba na Sauli. Tena kumbuka kanisa la Antiokia lilikuwa changa. Wayunani wengi pale walikuwa wameokoka juzi tu, na tayari wanalisha watu wa kabila lingine.

Karibu miaka mia moja baadaye, mtetezi wa imani aitwaye Yustino alieleza ibada ya Jumapili kule Roma. Wenye uwezo walitoa kwa hiari, sadaka ikawekwa kwa kiongozi, naye akawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni waliokuwa safarini. Na haikuishia Roma. Mnamo mwaka 170 hivi, Dionisio, askofu wa Korintho, aliwaandikia Warumi kuwashukuru kwa desturi yao ya tangu mwanzo ya kutuma misaada kwa makanisa ya miji mingi, hata kwa ndugu waliohukumiwa kufanya kazi migodini. Mwaka 251, Askofu Kornelio aliandika kwamba kanisa la Roma lilikuwa linawatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Wa nyumbani walikula, na wa mbali walitumiwa.

Lakini kanisa ninalotaka mlikumbuke zaidi ni la hapa hapa Afrika, Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia.

Mwaka 250 Kaisari Desio aliamuru watu wote wa dola yake watoe dhabihu kwa miungu. Wakristo wengi wa Karthago walianguka. Wengine walifungwa, wengine walipoteza mali. Mateso yalipopungua, kanisa lilibaki limegawanyika, watu wakigombana kuhusu nani arudishwe na nani asirudishwe. Kisha tauni ikaingia mjini. Maiti zikawa barabarani na watu wakawakimbia jamaa zao. Askofu Sipriani akawakusanya waumini, akawagawia kazi kila mmoja kwa uwezo wake, akawafundisha wasiwahudumie Wakristo peke yao. Wahudumie hata wapagani, wale wale waliokuwa wakiwawinda miaka michache kabla.

Wakiwa katika hali hiyo, ikaja barua. Maaskofu wanane wa Numidia, upande wa nchi ambayo leo ni Algeria, waliandika kwamba wavamizi wamewateka ndugu, wanaume na wanawake, na fedha ya kuwakomboa inahitajika.

Hebu jiweke pale. Kanisa limetoka kwenye mateso, tauni ipo au imepita jana, washirika wamegawanyika. Kama kuna kanisa lililokuwa na haki ya kusema "ngojeni kwanza tujipange," ni hilo. Sipriani na watu wake walichanga sesterti 100,000, pesa nyingi sana ya Kirumi, wakazituma. Katika barua yake aliwaambia mambo mawili ambayo huwa yananigusa. La kwanza, kwamba katika ndugu waliotekwa lazima tumwone Kristo mwenyewe. La pili, kwamba jambo kama hilo likitokea tena wasisite kuandika. Akaambatanisha majina ya waliotoa, ili ndugu wa Numidia wawakumbuke katika maombi.

Mtu wa Mungu, usilipite hilo la majina. Pesa ilienda upande mmoja, maombi yakarudi upande wa pili. Waliopokea hawakuwa ombaomba, walikuwa washirika katika huduma. Na kwa sababu kiasi na majina yaliandikwa, kila kitu kilikuwa wazi. Paulo naye alifanya hivyo katika 2 Wakorintho 8. Hakubeba mchango peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kulaumu.

Sasa niwaambie yangu, maana siwezi kuhubiri historia nikajificha nyuma yake. Miaka mingi iliyopita, nikichunga kanisa lingine, nilichukua mfuko wa wajane tukamalizia sakafu. Nilisema ni mkopo wa miezi mitatu. Kuurudisha kulichukua miezi kumi na minne. Mama mmoja mjane alikuja mara mbili kuuliza kuhusu unga. Mara ya tatu hakuja. Sakafu ilitoka nzuri, lakini kila nilipopiga magoti juu yake nilimkumbuka yeye. Nilitubu mbele za Mungu, na baadaye mbele ya kanisa. Tangu siku hiyo nilijifunza kwamba jengo halikosi sababu ya kumeza kila kitu. Ukimaliza paa, utataka spika. Ukipata spika, utataka uzio.

Kwa hiyo mzee wangu, nakujibu kwa heshima. Paa tutaliezeka. Tutalifanyia changizo lake, na mimi nitakuwa wa kwanza kutoa. Wajane wa mtaa wetu hawataachwa, maana Matendo 6 inatuonyesha mitume walivyolichukulia kwa uzito lalamiko la wajane waliosahauliwa mezani. Ila nusu inayovuka mpaka naomba isiguswe. Na kama mna shaka inafikaje, hiyo ni haki yenu: mkutanoni mweka hazina atasoma kila shilingi, na barua ya waliopokea itasomwa kwa sauti.

Mwaka 362 hivi, Kaisari Juliani, aliyetaka kurudisha ibada ya miungu, alimlalamikia kuhani wake mmoja kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia. Aliona aibu. Alikuwa adui, na bado alishuhudia. Je, jirani zetu wasiookoka watashuhudia nini kutuhusu? Paa tu?

Tuombe: Baba, tusamehe pale tulipojijengea tukawasahau watu wako. Tupe mikono iliyofunguka, hesabu zilizo safi, na macho ya kumwona Yesu katika ndugu tusiyemjua. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama umebarikiwa, andika Amina, umtumie mshirika mwenzako kabla ya mkutano.